Mdogo wangu hali chakula, na sasa tunaambiwa tuchange hela ya MRI ya ubongo. Wajuzi tusaidieni

Binti wa Isanga (mtoa mada)

Habari za usiku wakuu. Niko Mbeya mjini. Nina mdogo wangu wa kike, miaka 17, kamaliza kidato cha tano bweni, Julai anatakiwa aingie cha sita. Kaja likizo amebaki mifupa.

Ilianza Kwaresima, alifunga kama watu wote. Pasaka ikapita, yeye bado anafunga. Mama alifurahi mwanzoni, akawa anawaambia wenzake wa jumuiya kwamba Mungu kampa mtoto wa maombi. Sasa hivi ni zaidi ya maombi. Anapika yeye, na anapika vizuri kweli, ndizi nyama, makande, anatupakulia sote milima, halafu yeye anajiwekea kiazi kimoja. Kile kiazi anakikata vipande vidogo vidogo kama vya kachumbari, anavizungusha kwenye sahani mpaka tumalize, kisha anakusanya vyombo haraka. Simu yake imejaa video za mapishi. Saa kumi alfajiri ameshaamka anafagia uwanja ambao haujachafuka.

Anavaa masweta mawili na kitenge juu, tukajua ni hii baridi ya Juni. Mama kaja kugundua alipomkuta bafuni. Mgongo unahesabika, mikono imeota malaika laini mpaka mabegani. Hedhi imekata tangu mwezi wa tatu.

Mtaa umeshahukumu, mnajua huku kwetu mtu akikonda wanasema nini. Tumepima, hana. TB hana. Tumempa dawa za taifodi, tumempa za vidonda vya tumbo. Mchungaji kasema roho ya mauti. Juzi daktari wa hospitali moja binafsi ndiyo katuambia ni ugonjwa wa ulaji, anoreksia, mtu anajinyima chakula kwa woga wa kunenepa, kwamba ubongo unasinyaa na twende Dar akapigwe MRI, picha ya ndani ya kichwa, tujue umeharibika kiasi gani na kama atapona. Baba yuko tayari kuuza mahindi yote sasa hivi, na mnajua bei ya msimu wa mavuno.

Maswali yangu: ni kweli ubongo unasinyaa? Unarudi? Na hiyo picha itatuambia kama atapona?

Mzee wa Kitonga

Huyo kashiba. Njaa haijamkuta. Acheni kumbembeleza siku mbili tatu, atafungua sufuria mwenyewe. Enzi zetu fimbo moja tu ilitosha.

Shangazi Makambako

Mzee wa Kitonga, mtoto hajala tangu Kwaresima halafu unasema asibembelezwe siku mbili? Soma bandiko kwanza.

Kaka Viazi

Huku Njombe viazi vinaoza shambani tunatafuta walaji, kumbe kuna mtu anakula kimoja. Pole lakini mtoa mada, nimesoma mara ya pili nikaona si jambo la utani. Nimekaa pale nasubiri wajuzi.

Tabibu wa Nyanda

Mtoa mada pole sana. Nafanya kazi kwenye afya ya akili kanda hii hii. Nitaandika kwa kirefu, mnivumilie.

Ubongo nitaufikia. Tuanze na moyo, maana ndio unaoua kabla ya vingine. Kesho asubuhi, siyo wiki ijayo, mhesabuni mapigo akiwa bado amelala, dakika nzima kwa saa. Yakiwa chini ya 50, au akisimama anaona giza, au ameshawahi kuzimia, huyo ni wa kulazwa. Hospitali ombeni kipimo cha umeme wa moyo na damu: madini ya potasiamu, fosfeti na magnesi, halafu sukari, figo. Vyote hivyo vinapatikana hapa hapa na ni nafuu kwa mbali kuliko MRI pamoja na nauli na kulala Dar.

La pili ni hili, na naomba mama alisome mwenyewe. Msimjaze chakula kwa mkupuo. Najua mkishajua ni ugonjwa, mtataka kumpikia uji wa lishe lita mbili na maziwa ya Tukuyu juu yake. Mwili uliokaa bila chakula muda mrefu unaishi kwa kuchoma mafuta na misuli yake. Ukiuletea wanga mwingi ghafla, insulini, homoni ya sukari, inapanda na kuvuta fosfeti, potasiamu na magnesi kutoka kwenye damu kwenda ndani ya seli. Damu inabaki tupu, moyo unapoteza mpangilio, misuli ya kupumulia inalegea. Madaktari waliliona hili kwa mateka wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia: walinusurika njaa ya kambini, wakaja kufa baada ya kukombolewa na kulishwa. Aliyekaa zaidi ya siku 10 karibu bila kula, au aliyepoteza uzito mwingi kwa miezi michache, anaanzishwa taratibu hospitalini huku damu inapimwa.

Na msikubali zahanati imtundikie dripu ya glukosi "apate nguvu" kabla hajapewa vitamini B1. Sukari inamaliza ile akiba ndogo ya B1 iliyobaki, na hapo ndipo ubongo unaweza kuumia kweli, macho yanacheza, miguu inayumba, kumbukumbu inapotea. Nimeona dripu nyingi za namna hiyo zikitundikwa kwa nia njema.

Nikirudi zamu nitaandika ya ubongo.

Mama Kyela

Dripu ya glukosi! Huku ndiyo dawa ya kwanza kwa kila anayelegea. Asante daktari.

Mwanazuoni wa Gangilonga

Kamwene wadau. Mimi naona tunaiga magonjwa ya wazungu. Iringa hapa takwimu za taifa za 2022 zilionyesha zaidi ya nusu ya watoto chini ya miaka mitano wamedumaa, Njombe nao nusu. Mikoa inayolisha nchi. Mnaacha hilo mnakuja na watoto wa bweni wanaoogopa kiazi?

Afisa Lishe Mtembezi

Mkuu, hayo ni mambo mawili na yote yapo. Kudumaa kwa mtoto wa Kilolo au Ludewa kunatokana na uji mtupu wa mahindi, mama kushinda shambani, kuharisha, maji machafu. Huyo mtoto akipewa yai analila. Huyu binti yai analo mezani na hawezi kulila. Tatizo la huku ni kwamba mimi na wenzangu tumefundishwa kumtambua wa kwanza tu. Tunapima mzunguko wa mkono wa mtoto mdogo, binti wa miaka 17 hakuna anayemshika mkono.

Tabibu wa Nyanda

Nimerudi. Nianze na Mwanazuoni. Ugonjwa huu ulielezwa na William Gull, London, na Charles Lasègue, Ufaransa, karibu mwaka mmoja, 1873, kabla ya televisheni na kabla ya picha za mitandaoni. Kwa hiyo siyo ugonjwa wa Instagram. Lakini na mazingira yamo: Fiji, walikokuwa wanasifia mwili mnene, televisheni iliingia eneo moja 1995, na walipopimwa wasichana wa shule 1998, zaidi ya mmoja katika kila kumi alisema anajitapisha apungue. Miaka mitatu nyuma hakuna aliyesema hivyo. Na mwaka 2019 ulitoka utafiti mkubwa wa vinasaba uliopata sehemu nane za vinasaba zinazohusiana na anoreksia, na ukaonyesha vinasaba vya ugonjwa huu vinahusiana pia na namna mwili unavyotumia sukari na mafuta, siyo akili pekee. Mtu anazaliwa na mwelekeo, halafu kitu kinauwasha. Kwa mwingine ni maneno ya mtaani, kwa mwingine mfungo.

Sasa ubongo. Ndiyo, unasinyaa, na sana. Mwaka 2022 watafiti wa vituo 22 waliunganisha picha za MRI za wanawake 685 wenye anoreksia na 963 wasio nayo. Gamba la nje la ubongo, lile la kijivu, lilikuwa jembamba karibu kila mahali. Sehemu za ndani zilikuwa ndogo. Tofauti hiyo ilikuwa kubwa mara mbili mpaka nne kuliko inayoonekana kwenye magonjwa mengine ya akili yaliyopimwa kwa njia hiyo hiyo. Hapo daktari wenu hakukosea.

Lakini sehemu ya pili ya utafiti huo huo ndiyo iliyonifanya niandike. Waliokuwa wameshaanza kurudisha uzito, hata bila kumaliza matibabu, kusinyaa kwao kulikuwa kudogo zaidi. Na kundi la Dresden, Ujerumani, lilipowapima wasichana walipolazwa kisha likawapima tena baada ya kama miezi mitatu ya kulishwa, gamba lilikuwa limeshaongezeka unene. Wao wenyewe, ubongo ule ule.

Kwa hiyo ule ubongo haukuoza. Ubongo ni kama asilimia 2 ya uzito wa mwili lakini unakula karibu asilimia 20 ya nishati yote. Nishati isipokuja, unabana matumizi, kama familia inayozima taa za vyumbani luku ikikaribia kuisha. Homoni zinashuka, maji na mafuta yanapungua, miunganiko ya seli inapungua. Chakula kikirudi na kikakaa, taa zinawashwa. Walioumwa miaka mingi kurudi kwao ni kwa polepole, na hiyo ndiyo sababu nawaambia msipoteze mwezi mmoja kutafuta picha.

Binti wa Isanga

Daktari Mungu akubariki. Nimelia nikisoma. Ila bado sijaelewa, kama ubongo unarudi basi si afadhali tupige picha tujue uko wapi?

Tabibu wa Nyanda

Swali zuri. Ule ukubwa niliokuambia ni wastani wa kundi la mamia. Ukichukua picha ya binti mmoja ukaniwekea mezani, siwezi kukuambia huyu atapona na yule hatapona. Watafiti wamejaribu kutafuta alama kwenye picha ya kutabiri nani atanufaika na matibabu, vikundi ni vidogo na hakuna kipimo kilichofika kwa daktari wa wodini. Mtakachopewa Dar ni karatasi inayosema ubongo umepungua na maji yanayouzunguka yameongezeka. Mtarudi na karatasi na mtoto atakuwa amekonda kilo nyingine.

MRI ina kazi yake hapa: akiwa na kichwa kinachouma mfululizo na kutapika asubuhi, degedege, macho kupoteza upande, kiu isiyoisha, au kama historia haieleweki, hana woga wowote wa kunenepa na bado anakonda. Uvimbe jirani na haipothalamasi, sehemu ya ubongo inayoongoza njaa, unaweza kumkondesha mtu ukafanana na hii. Kwa maelezo yako, kupika na kugawa na kuzungusha kiazi, sioni hivyo, lakini atakayempima ndiye wa kusema.

Unataka kinachotabiri? Mizani. Kwa vijana wanaotibiwa na familia zao, aliyeongeza kilo mbili na ushee kufikia wiki ya nne ana nafasi nzuri zaidi ya kupona kuliko asiyeongeza. Na umri, na muda wa kuumwa: utafiti wa hospitali ya Maudsley, London, wa 1987, ulionyesha walioanza kuumwa kabla ya miaka 19 na ambao hawajafikisha miaka mitatu na ugonjwa walifanya vizuri zaidi walipotibiwa pamoja na familia. Mdogo wako yuko ndani ya vigezo vyote viwili.

Mzee wa Kitonga

Sawa daktari, nakubali ni ugonjwa. Lakini mbona anapika? Mtu anayechukia chakula anashindaje jikoni?

Tabibu wa Nyanda

Mzee umeuliza la maana. Hachukii chakula, ana njaa kali, na njaa yenyewe ndiyo inamfanya ashinde jikoni.

Mwaka 1944 chuo kikuu cha Minnesota, Marekani, Ancel Keys aliwachukua wanaume 36 waliojitolea, vijana wazima wa akili na mwili, waliochaguliwa kwa uzima wao. Akawapunguzia chakula kwa wiki 24 mpaka wakapoteza karibu robo ya uzito. Hakuna aliyekuwa anataka kukonda. Lakini walianza kusoma vitabu vya mapishi kitandani, kukatakata chakula vipande vidogo na kukaa nacho masaa, kulamba sahani, kugombana, kujitenga, kuhisi baridi wakati wa joto. Mmoja alijikata vidole kwa shoka. Soma tena bandiko la kwanza la binti huyu, kisha niambie umeona nini.

Sehemu kubwa ya "tabia" mnayoiona mezani ni njaa inavyoongea. Ndio maana kumchapa au kumhutubia hakusaidii, na hata ushauri wa kisaikolojia mtupu kwa mtu aliyekonda kiasi hicho hauingii. Anaanza kulishwa, halafu maneno yanaingia.

Matroni wa Kilima

Mimi ni matroni shule moja ya bweni mkoa wa Iringa, ninyamaze wapi. Tunao, kila mwaka hakosi mmoja au wawili. Hawa ndio wanafunzi ninaosifiwa: wanaamka wa kwanza, daftari safi, kiranja, hawana kelele. Siku ya wali na nyama anampa mwenzake sahani yake na wenzake wanampenda. Siku hizi sitazami nani analia, natazama nani anagawa. Na natazama vidole. Kuna binti alikuwa na kovu gumu juu ya vifundo vya vidole viwili vya mkono wa kulia, nikadhani kafua sana. Kumbe ni meno, anapoingiza mkono kooni.

Jambo jingine, vikundi vya maombi. Sisemi wasifunge. Lakini mfungo wa siku 40 wa maji matupu kwa mtoto wa miaka 16, anayeusimamia ni mtoto mwenzake wa miaka 18, huo mimi niliuzuia bwenini kwangu na nikaitwa mpinga Kristo.

Mchungaji wa Mtaa

Matroni nakuunga mkono. Kanisani kwetu anayeumwa, mjamzito na mtoto hawafungi chakula, wanafunga kitu kingine. Mtoa mada, mchungaji wenu aendelee kuombea, na binti aende hospitali. Havigombani.

Jina Jingine 2

Nimefungua jina jipya ili niandike hapa. Mimi ni yule wa vidole vya matroni, siyo huyo wa shule yake, wa aina hiyo.

Nina miaka 26, nafanya kazi ya ofisini hapa Mbeya. Uzito wangu wa kawaida, hakuna aliyewahi kuniambia nimekonda. Jioni nikishuka Mafiati nilikuwa nanunua chipsi mayai sahani mbili, naenda kwa muuzaji mwingine nanunua mishikaki na mkate mzima, nasema ni vya wageni. Chumbani nakula vyote kwa dakika kadhaa, bila kusikia ladha, halafu naenda chooni. Chakula cha wiki kilikuwa kinaisha siku mbili na mshahara unaenda huko. Mashavu yalivimba chini ya masikio nikaambiwa matumbwitumbwi. Meno ya mbele yaliisha kwa nyuma, wa kwanza kunishtukia alikuwa daktari wa meno.

Nilianguka ndani ya kosta, asubuhi, nimesimama nimeshika bomba. Potasiamu ilikuwa chini sana. Daktari wa akili aliniandikia fluoksetini, ile ile ya sonona, na nikawa naonana na mnasihi kila wiki. Kazi yake kubwa ilikuwa daftari: nimekula nini, saa ngapi, nilikuwa na nani, nilijisikiaje, nilitapika au la. Na sheria ya kula mara tano kwa siku hata kama jana usiku nilivunja. Nilidhani nitanenepa nipasuke. Sikunenepa. Nilipoacha kukaa na njaa mchana, ile fujo ya usiku ilipungua yenyewe.

Swali langu kwa daktari: na mimi ubongo wangu ulisinyaa?

Tabibu wa Nyanda

Asante kwa kuandika. Kwako, bulimia, yaani kula kwa fujo kisha kujitapisha, hadithi ni nyingine. Gerald Russell ndiye aliyeipa jina 1979, na ile alama ya kovu vidoleni inaitwa kwa jina lake. Kwa kuwa uzito unabaki karibu na kawaida, hakuna ule wembamba wa gamba zima. Kinachoonekana zaidi ni kwenye njia za ubongo za raha na za kujizuia: namna ubongo unavyopokea utamu na namna unavyosema basi. Mtu akijinyima mchana kutwa, hizo njia zinakuwa kali zaidi usiku, na daftari lako na milo mitano vinapiga hapo hapo.

Fluoksetini ilipata kibali cha bulimia Marekani 1996, na kwa wengi inapunguza kula kwa fujo na kutapika. Wadau msiende kuinunua kumpa binti wa anoreksia. Akiwa amekonda haisaidii, na hata waliokwisha kurudisha uzito, jaribio lililochapishwa 2006 lilionyesha haikuwazuia kurudia.

Kuhusu kupona: Boston waliwafuatilia wanawake kwa miaka 22. Wa bulimia, karibu theluthi mbili walikuwa wamepona mwaka wa tisa, na idadi ilikaa hapo hapo. Wa anoreksia, mwaka wa tisa ni kama asilimia 31 tu. Mwaka wa 22, asilimia 63. Nusu ya waliopona wa anoreksia walipona baada ya watu kukata tamaa nao. Naipenda hiyo hesabu kuliko MRI yoyote.

Dogo wa Soweto

Mi nimesikia Kanada wanaweka nyaya ndani ya ubongo wanawasha kama betri. Kweli?

Tabibu wa Nyanda

Kweli, Toronto. Walichapisha 2013 wagonjwa sita, na 2017 wagonjwa 16, wote walioumwa miaka mingi na kushindikana kwa kila dawa. Baadhi waliongeza uzito na sonona ikapungua. Bado ni majaribio. Siyo habari ya binti wa miaka 17 aliyeumwa tangu Kwaresima.

Kaka Viazi

Na wanaume je? Nina rafiki anafanya mazoezi ya ndondi, kabla ya kupima uzito anakaa siku tatu anatema mate kwenye chupa.

Tabibu wa Nyanda

Wapo, wanagundulika wakiwa wamechelewa kwa sababu hakuna anayewauliza. Ule utafiti wa 2022 wenyewe ulikuwa wa wanawake tu. Huyo rafiki, pambano likiisha anarudi kula kawaida au anaendelea? Ukishajua hilo, anzisha uzi wake tuongee.

Binti wa Isanga

Wakuu narudi na mrejesho, samahani nilipotea.

Asubuhi ile mapigo yalikuwa 44. Mama alihesabu akadhani kakosea, akamwita baba, baba akahesabu, 44. Tulikwenda hospitali kubwa hapa hapa mjini. Potasiamu chini, fosfeti maabara ya kwanza hawakuwa na kemikali, tukapeleka sampuli nyingine kwa bodaboda. Wakamlaza. Walianza na uji kidogo kila baada ya saa tatu na vidonge vya madini, damu kila siku. Wodini alikuwa anatuchukia waziwazi, alimwambia mama "mmenileta nife nikiwa mnene."

Sasa yuko nyumbani. Baba hajauza mahindi. Daktari wa akili alituita wote wanne akasema kwa sasa anayeamua chakula ni mama na baba, siyo yeye, na hapiki. Ile ya kutopika ndiyo ilimuuma kuliko zote. Mama anapakua, anakaa naye, haondoki mpaka sahani iishe, na nusu saa baada ya hapo haendi chooni peke yake. Juzi alimwagia bakuli la mtori ukutani. Mama alifuta, akaenda akapakua lingine la kiasi kile kile, akakaa. Ilikuwa saa tano usiku wanamaliza.

Maswali mawili. Baba anagombana naye mezani, anamwambia atakufa. Sawa? Na shule inafunguliwa, yeye anataka kurudi bweni, anasema huko atakula.

Tabibu wa Nyanda

Mama yenu angepewa cheti.

Baba aache hoja mezani. Kifo, madaraja, ada, hayo yote hayashindi woga alionao. Maneno yawe machache na yale yale: "Najua ni ngumu. Kijiko kingine." Ukiona baba anapandwa na hasira, atoke nje na mtu mwingine akae. Hasira yake si kwa mtoto, aielekeze kwa ugonjwa.

Bweni hapana. Si kwa mapigo 44 ya wiki kadhaa zilizopita, na si kwa mtu ambaye bado anashikiwa sahani. Muombeeni ruhusa kwa barua ya daktari, asome kutwa akiwa nyumbani, au aahirishe. Akishakula mwenyewe bila kusimamiwa, uzito umefika na hedhi imerudi, tuzungumze bweni. Michezo na kukimbia pia hapana mpaka daktari wake aseme, na kufagia uwanja alfajiri nako ni mazoezi.

Matroni wa Kilima

Naongeza. Muongee na shule mapema, siyo kwa simu, mtu aende. Na mwambieni matroni ukweli ili akirudi asimsifie kwa kugawa nyama.

Binti wa Isanga

Ndaga fijo nyote. Baba Jumatatu anapanda basi kwenda shuleni. Kuhusu mizani, tumpime mara ngapi? Kila siku anakuwa na wasiwasi usiku kucha.

Tabibu wa Nyanda

Mara moja kwa wiki, siku ile ile, asubuhi kabla ya chai, akitoka chooni, kwa nguo nyepesi. Mkague mifuko na nywele kama amesuka mabutu makubwa, mawe na betri za redio nimeshazikuta. Na asikae na dumu la maji chumbani usiku wa kuamkia, lita mbili za maji ni kilo mbili za uongo.

Mama Kyela

Mizani ya duka la dawa inafaa?

Tabibu wa Nyanda

Inafaa, ilimradi iwe hiyo hiyo kila wiki.